Kuku wa pete nyekundu

Wadogo zangu mnaoanza kupima mizunguko ya kuku mmoja mmoja, yaani anatoka nje ya banda mara ngapi kwa siku, siku moja haikwambii kitu. Mi nilianza Buswelu, hapa Mwanza, na mitetea 40 wa mayai, banda lina kauwanja ka nje, nikashinda jumamosi nzima nahesabu nani katoka mara ngapi, jioni nikaandika kwenye daftari yule wa pete nyekundu mvivu. Jumapili nikarudia, yuleyule katoka mara 14! Kumbe jana yake asubuhi yote alikuwa kiotani anahangaika na yai, mi nishampa sifa mbaya.

Kwahiyo pima kuku walewale, siku nyingi, saa zilezile. Unachotafuta ni hiki: kuku na kuku wanatofautiana kuliko kuku mmoja anavyojitofautisha leo na kesho? Chukua tofauti iliyopo kati ya kuku na kuku, gawanya kwa tofauti yote (hiyo ya kuku na kuku jumlisha ya kuku mmoja siku hadi siku), utapata namba kati ya 0 na 1. Ikisogelea 1 basi kila kuku ndo alivyo, ikisogelea 0 ulichopima ni siku tu. Na hiyo huipati kwa wastani wa banda zima, wastani unawameza wote.

Rangi ya kupuliza mgongoni achana nayo, nilimpaka mmoja wenzake wakamdonoa hadi damu ikatoka, iliniuma sana. Tumia pete za rangi mguuni, ila zikague kila wiki maana kuku anakua na pete inambana.

Ukipata zile chipu za mguuni zenye namba ya kila kuku, na antena mlangoni ya kuzisoma akipita, ni nzuri sana ila usiziamini kichwakichwa, kuku akiamua kulala pale mlangoni antena inamsoma mara mia na wewe utasema huyu hatulii, na wawili wakipita wamebanana mmoja anaweza asisomwe kabisa. Kaa siku mbili tatu uangalie kwa macho ulinganishe.

Huku Mwanza mchana ni kama masaa 12 mwaka mzima, so ukiona mizunguko imebadilika ghafla usikimbilie kusema msimu. Angalia taa kwanza, umeme ulikatika saa ngapi, chakula kipya chenye dagaa kiliwekwa saa ngapi maana hapo hata mzito anakimbia. Andika vyote.

Na ukiingia bandani kaa kimya dakika 15 hivi kabla hujaandika chochote, vaa nguo ileile kila siku.