Maswali ya Wasomaji: Deki ya Video ya Bei Nafuu Utaipimaje?

Safari hii barua nyingi zimehusu deki za VHS. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kubwa iliyokuwa bado inazitengeneza, iliacha Julai 2016. Kwa hiyo deki yoyote utakayouziwa leo ni ya mtumba, au imelala stoo miaka mingi. Huku nyuma mikanda ya harusi inazidi kuzeeka majumbani.

*Nina mikanda 30 hivi ya harusi, maulidi na mahafali ya ukoo wetu, nataka kuitazama kisha niihamishie kwenye kompyuta. Dukani kuna deki mbili za mtumba. Moja ina vichwa 2. Nyingine imeandikwa vichwa 6 Hi-Fi, na bei yake inazidi mara mbili. Muuzaji anasema picha ya vichwa 6 ni safi mara tatu. Ni kweli?*
*Msomaji, Tanga*

Si kweli, ingawa huenda hiyo ya vichwa 6 ndiyo itakayokufaa. Kati ya vichwa hivyo sita, yaani visomaji vidogo vinavyousoma mkanda, vinne tu ndivyo vya picha. Viwili ni vya Hi-Fi, yaani sauti ya ubora wa juu. Na hivyo vinne navyo hufanya kazi kwa zamu: jozi moja ni ya kasi ya kawaida, SP, na nyingine ni ya LP, yaani nusu ya kasi hiyo, ambapo njia za picha kwenye mkanda ni nyembamba zaidi. Cheza mkanda wa SP kwenye deki nzima ya vichwa 2, kisha kwenye deki nzima ya vichwa 4, na utatafuta tofauti kwa tochi. Mpaka umewekwa na VHS yenyewe, ambayo haivuki sana mistari 240 ya undani kwa upana. S-VHS hufika kama 400, lakini hiyo ni deki ya aina nyingine na mkanda wake.

Vichwa vya ziada huonyesha faida kwenye mambo mawili: mkanda uliorekodiwa LP, na picha unapoisimamisha. Kwa hiyo kabla ya kuangalia deki, iangalie mikanda yako. Mkanda wa E-180 huchukua saa 3 kwa SP. Kama mpiga video alikubania harusi ya saa 5 kwenye E-180 moja, hiyo ni LP, na deki ya vichwa 2 itakupa picha yenye chenga na mistari hata ikiwa haina hitilafu yoyote. Kuhusu Hi-Fi, sauti hiyo hupatikana tu ikiwa mkanda ulirekodiwa kwa Hi-Fi. Kamera nyingi za harusi zilirekodi sauti ya kawaida kwenye ukingo wa mkanda, unaotembea kama sentimita 2.3 kwa sekunde, nusu ya kasi ya kaseti ya redio. Ndiyo maana taarabu ya harusini husikika kama imefunikwa blanketi. Vichwa vya Hi-Fi haviwezi kurudisha sauti ambayo haikuingia mkandani.

Kuna vitu vingine ambavyo hupaswi kuvilipia hata shilingi. Kitafuta stesheni, saa ya kurekodi vipindi na VideoPlus (namba za kupanga kurekodi kipindi) vimekwisha kazi: Dar es Salaam mitambo ya analojia ilianza kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikafuata mwaka 2015. Nembo ya HQ mlangoni nayo isikubabaishe. Deki za tangu katikati ya miaka ya 1980 karibu zote zinayo. Ikiwa deki imetoka Uingereza na haitoi sauti kupitia waya wa antena, haijaharibika. Sauti yake iko mahali pengine kwenye mawimbi (megahezi 6 badala ya 5.5 za sehemu nyingi za kwetu). Tumia nyaya za AV, njano kwa picha, nyeupe na nyekundu kwa sauti. Hata bila tatizo hilo, picha ya AV ni safi kuliko ya waya wa antena, na muuzaji anayekataa kukuonyesha kwa AV huenda anajua soketi zake ni mbovu.

Sasa upimaji wenyewe. Nenda na mikanda miwili, na usithubutu kwenda na ule wa pekee wa harusi ya wazazi. Wa kwanza uwe mkanda usioujali. Uchezeshe dakika 5, urudishe nyuma, utoe, bonyeza kitufe kidogo cha pembeni ufungue mlango wa kaseti na utazame ukingo wa mkanda. Ukiona umekunjamana au una mikwaruzo mirefu, roli ya mpira imekauka au njia ya mkanda imepinda. Acha deki hiyo hapo hapo, hata kama picha inapendeza.

Mkanda wa pili uwe mzuri, wa SP, ambao unajua picha yake ilivyo. Uache ucheze nusu saa, maana kapasita zilizochoka kwenye sehemu ya umeme mara nyingi hujionyesha deki ikishapata moto: mawimbi ya kiza yanapanda taratibu kwenye kioo. Tazama mwanzo, katikati na mwisho wa mkanda, kwa sababu uzito wa kila upande hubadilika na mvuto nao hubadilika. Tafuta kanzu nyeupe au shela la bibi harusi mbele ya ukuta wa kiza. Kingo za weupe zikichirizika vijimkia vyeusi kuelekea kulia, na mkanda huo huo hauna vijimkia kwenye deki nyingine, vichwa vimelika. Mlango au nguzo iliyonyooka ikipinda juu ya kioo kama bendera, mvuto wa mkanda si sawa. Kidogo inavumilika, lakini ikizidi itakusumbua sana wakati wa kuhamishia kompyuta.

Wekundu wa kanga ukivuka mpaka wake, usiilaumu deki. VHS hubeba rangi kwa undani mdogo mno, na nyekundu ndiyo huumbuka kwanza. Vilevile mistari michache inayotikisika chini kabisa ya kioo ni ya kila deki, ni pale kichwa kimoja kinapompokeza mwenzake. Runinga za zamani ziliificha nyuma ya fremu.

Jihadhari zaidi na picha inayoonekana "kali" kupita kiasi. Deki nyingi za bei ndogo huongeza ukali kwa makusudi, na dukani hupendeza. Sogea karibu: ukiona mstari mweupe umezunguka kichwa cha kila mtu, huo si undani, ni vipodozi tu. Kama kuna kitufe cha ukali, kirudishe katikati au kwenye "soft" ndipo ulinganishe. Mwisho, gusa kwa mkono trakingi, kitufe cha kulinganisha vichwa na njia za picha. Picha safi inapaswa kukaa katikati ya safari ya kitufe, na kuharibika ukienda huku au kule. Ikiwa safi kwenye ncha moja tu, viongozi vya mkanda, yaani vinguzo vinavyouelekeza, vimehama.

Uamuzi wetu: ikiwa mikanda yako ni SP na deki ya vichwa 2 imefaulu, ichukue na chenji ukanunulie kifaa cha kuingizia video kwenye kompyuta. Ikiwa hata robo ya mikanda ni LP, lipa ya vichwa 6. Ila kwanza muulize fundi anayehamisha video anatoza kiasi gani kwa mkanda, zidisha kwa 30, uweke jumla hiyo kando ya bei ya deki. Mwenye mikanda mitano asinunue deki kabisa.

*Deki yangu ilikuwa nzima. Nimeweka mkanda uliokaa stoo, baada ya dakika chache kioo kikajaa chenga, lakini sauti iko sawasawa. Hata mikanda mingine sasa inafanya hivyo. Vichwa vimekufa?*
*Msomaji, Mombasa*

Haielekei. Sauti ya kawaida husomwa na kichwa kingine kisichozunguka, ndiyo maana imebaki. Vya picha vimeziba kwa uchafu wa ule mkanda. Hali ya hewa ya pwani hupanda ukungu kwenye mikanda: tazama kupitia kidirisha cha kaseti, ukiona vumbi jeupe au madoa ya kijivu kwenye mzunguko wa mkanda, usiurudishe ndani. Ukungu huo huhamia kwenye deki, na kutoka deki hadi mkanda unaofuata.

Chomoa plagi na subiri angalau nusu saa. Usiguse upande wa umeme. Fungua kava. Utaona silinda ya metali inayong'aa, kipenyo chake milimita 62, imelala kwa mshazari. Chukua karatasi nyeupe laini isiyochambuka, kipande cha ukubwa wa vidole viwili, ilowanishe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya kusafishia vidonda ya asilimia 70 ina maji mengi. Ishike karatasi ikiwa imetulia ubavuni mwa silinda, bila kukandamiza, na kwa mkono wa pili izungushe silinda kwa kushika juu yake, mizunguko kumi hivi. Ibaki ikitoa weusi? Badilisha karatasi, rudia. Karatasi isipande wala isishuke hata kidogo: vichwa vimetokeza kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho na huvunjika kwa mguso wa juu na chini. Pamba za masikio ni marufuku hapo, nyuzi zake hunasa kichwani. Zitumie kwa roli ya mpira na kichwa cha sauti tu. Acha deki wazi dakika 15 ikauke.

Chenga zikiendelea kioo kizima baada ya kusafisha mara mbili tatu, hapo ndipo useme vichwa vimelika. Picha ikipepea kwa kasi, kama nusu yake ni nzuri na nusu ni chenga, kimoja kati ya viwili kimekufa. Mstari wa chenga uliosimama mahali pamoja, juu au chini ya kioo, ni jambo la viongozi vya mkanda, kazi ya fundi mwenye mkanda wa kupimia. Usivizungushe kwa bisibisi kwa kubahatisha.

*Naishi Minnesota. Niliwatumia ndugu zangu Morogoro mikanda ya harusi iliyorekodiwa hapa mwaka 1998. Deki yao inatoa picha isiyo na rangi na inayopanda juu. Niwanunulie deki hapa Marekani?*
*Msomaji, Minnesota*

Usinunue. Deki ya Marekani hutumia volti 120, na ukiichomeka kwenye 230 fyuzi huwa ndiyo hasara ndogo. Hata ukinunua kibadilisha umeme, itatoa picha ya mfumo wa NTSC, yenye mistari 525 na karibu picha 30 kwa sekunde, wakati runinga na deki za Tanzania, Kenya na Oman zilifuata mfumo wa PAL, mistari 625 na picha 25. Kaseti zinafanana kabisa kwa umbo, ndiyo maana ziliingia bila shida.

Kuna deki za PAL zilizoandikwa "NTSC Playback". Hizo huwapa picha ya rangi kwenye runinga, lakini zinachotoa ni mchanganyiko uitwao PAL 60, na vifaa vingi vya kompyuta huupokea bila rangi au hukataa kabisa. Kwa kutazama tu, zinatosha. Kwa kuhifadhi, mkanda urudi Minnesota usomwe na deki ya NTSC huko, kisha watumie faili. Ukiandikwa T-120 na una zaidi ya saa 2 za picha, mwambie fundi kuwa si SP ili atafute deki ya vichwa 4.

*Kipi bora kwa kuhifadhi mikanda: mashine ya kurekodi DVD, au kile kifaa kidogo cha USB?*
*Msomaji, Nakuru*

Kwa mtu asiyependa kuhangaika na kompyuta, mashine ya DVD. Haipotezi ulinganifu wa sauti na midomo, na baadhi hunyoosha picha inayotikisika. Ila usidanganywe na saa nyingi. Diski ya gigabaiti 4.7 huchukua saa 1 kwa XP, saa 2 kwa SP, saa 4 kwa LP (hapa ni viwango vya ubora vya mashine, si kasi za mkanda). Simama kwenye SP. Chembechembe za mkanda wa zamani hubadilika kila picha na hula nafasi nyingi, hivyo ukibana zaidi, nyuso huwa vigae. Kumbuka pia kuifunga diski kwenye menyu ukimaliza, la sivyo mashine nyingine haitaisoma.

Kifaa cha USB ni cha bei ndogo zaidi, na faili unaweza kuzinakili kwenye diski mbili kesho yake. Chagua PAL kwenye programu. Picha ikija bila rangi, mara nyingi ni mpangilio huo. Weka 720 kwa 576, picha 25, MPEG-2 ya megabiti 8 kwa sekunde: ni kama gigabaiti 3.6 kwa saa. Usiipanue picha iwe HD wakati wa kurekodi. Funga programu nyingine zote, maana kompyuta ikiruka picha chache kila dakika, mwisho wa mkanda sauti itakuwa imeachana na midomo ya wasemaji.

Na mkanda wa filamu wa dukani ukififia na kung'aa kwa zamu, hiyo ni kinga ya kunakili iitwayo Macrovision. Si ubovu wa deki.

*Deki ile ile, mkanda ule ule, lakini kwenye runinga mpya ya inchi 50 picha ni mbaya na inanguruma. Kwa nini?*
*Msomaji, Zanzibar*

Ubaya wa picha ni ukubwa tu: mistari 240 iliyotosha inchi 21 sasa imetandazwa. Zima ukali na vipambo vya picha kwenye menyu, weka umbo la 4:3, ukae mbali kidogo. Mngurumo ni jambo jingine. Runinga nyingi mpya zina tundu moja dogo la AV na waya wa kugawanya, na mpangilio wa waya hizo haufanani kati ya kampuni na kampuni. Jaribu kuchomeka plagi ya njano ya deki kwenye nyekundu au nyeupe ya huo mgawanyiko. Picha ikitokea, waya si wa runinga yako. Tafuta uliokuja nayo.