Bila mhuri wa masjala, siku 30 hazianzi kuhesabiwa

Swali lenu la wiki hii linauliza: mwananchi akiomba taarifa au nyaraka katika ofisi ya umma, ombi lake linashughulikiwaje, na nini kibadilike? Najibu kutoka Lindi mjini. Mimi ni mtumishi mstaafu wa masjala, chumba cha ofisi kinachopokea barua na kutunza majalada. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimepokea barua za wananchi, na tangu nistaafu majirani huja nyumbani niwasaidie kuandika za kwao. Kwa hiyo dirisha la kupokelea barua nimelijua ndani na nje.

Maombi mengi ya taarifa hufia mapokezini, kabla hayajamfikia mtu mwenye mamlaka ya kuyakubali au kuyakataa. Hapo ndipo ningependa macho ya wasomaji yaelekezwe, kwa sababu mjadala wetu hukimbilia siri za serikali na mikataba mikubwa, wakati mkulima wa Nachingwea anayetaka karatasi moja ya makato yake ameshaambiwa "njoo Jumatatu" na hakuna popote palipoandikwa kwamba aliwahi kufika.

Sheria tunayo. Ibara ya 18 ya Katiba inasema kila mtu anayo haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Mwaka 2016 Bunge likapitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka huo, inayotumika Tanzania Bara. Inataka kila taasisi iwe na afisa taarifa. Ombi likipokelewa, ofisi ijibu kwa maandishi mapema iwezekanavyo, na isizidi siku 30, iseme kama taarifa ipo na kama itatolewa. Ikikataa, itoe sababu. Asiyeridhika anaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, na akikwama hapo anakata rufaa kwa Waziri anayehusika na masuala ya sheria.

Tazama sasa jinsi hesabu hiyo yote ilivyotundikwa kwenye tarehe ya kupokelewa. Siku 30 za jibu zinaanzia hapo. Mlango wa mapitio nao unafunguliwa na notisi ya uamuzi. Ukimya hauna tarehe, na "njoo Jumatatu" si uamuzi. Mtu aliyeambiwa hivyo msimu mzima, kisheria bado hajakataliwa, na hana cha kukatia rufaa.

Niwaeleze barua inavyosafiri, maana wengi hawajawahi kuambiwa. Ikifika masjala hugongwa mhuri wa tarehe, huandikwa kwenye rejesta ya barua zinazoingia, hutafutiwa jalada la somo lake, hupewa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada, na kufungwa humo. Jalada huenda kwa mkuu wa ofisi, naye huandika maelekezo kwa afisa anayehusika. Kuanzia hapo kila mkono uliolishika umeacha alama. Hata miezi ikipita, masjala inayofanya kazi yake vizuri itakwambia jalada liko kwa nani na lilitoka lini. Lakini barua iliyoachwa juu ya meza ya mtu, au aliyoipokea mwenye huruma akasema "nitamfikishia mkubwa", hiyo haipo. Ofisi ikiulizwa itajibu kwamba haijapokea ombi lolote, na kwa mujibu wa kumbukumbu zake itakuwa inasema kweli.

Kuna na kifo cha pili, cha barua iliyopokelewa lakini haina kichwa. Karani akisoma aya tatu za salamu na malalamiko bila kuona mwandishi anataka nini, barua huingia kwenye jalada la mengineyo. Jalada hilo katika ofisi nyingi huwa limenona, na ni nadra sana mtu kuliitisha. Ndiyo maana ninapomsaidia jirani naanza na mstari wa Yah:, unaotaja barua inahusu nini. Naandika "Yah: Ombi la taarifa chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016", kisha nataja karatasi yenyewe kwa jina lake: muhtasari wa kikao cha mwezi fulani, jedwali la makato ya mnada fulani, taarifa ya mapato na matumizi ya robo fulani. Anayeomba "taarifa zote kuhusu ufuta" anampa afisa sababu nzuri ya kusema ombi halieleweki.

Kuhusu huo ufuta nina mfano ulio karibu. Jirani yangu mmoja analima Ng'apa. Huku kwetu ufuta, kama korosho, huuzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka zao ghalani, hupewa stakabadhi, na zao huuzwa likiwa humo. Mfumo huo ulianza na korosho msimu wa 2007/2008. Bei ya mnada hutangazwa mbele ya wakulima wenyewe, hivyo bei si siri. Kinachowaumiza kichwa ni kinachotokea kati ya bei ile na fedha inayoingia kwenye simu au benki. Kuna ushuru wa halmashauri, kuna cha chama cha msingi cha ushirika, cha chama kikuu, cha ghala, cha usafirishaji, cha magunia. Mzee huyu hakuwa na ugomvi na makato. Alitaka kuona kila kato limeandikwa kiasi gani, na kikao gani kililipitisha.

Alikwenda ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja. Kijana wa mapokezi alimwamkia vizuri, akampa kiti, kisha akamwambia: "Mzee wangu, hayo ni mambo ya ushirika, nenda kwenye chama chako." Kwenye chama akaambiwa makato hupangwa juu, aende wilayani. Amekwenda na kurudi hivyo mpaka msimu umekwisha, na katika safari zote hizo hakuna aliyemkosea adabu. Mtu anaweza kunyimwa haki yake kwa upole kabisa, na kwa sababu ya upole ule anaona haya hata kulalamika.

Angalau mmoja wao alikuwa nayo ile karatasi. Sheria ya 2016 haiishii kwenye ofisi za serikali peke yake. Inagusa pia taasisi binafsi zilizosajiliwa kisheria, zikiwa zinatumia fedha za umma au zina taarifa zenye maslahi makubwa kwa umma. Jedwali la makato ya zao linalolisha mkoa mzima sioni litawezaje kukosa maslahi ya umma. Na kama ofisi kweli haina nyaraka, ilipaswa kuandika hivyo na kumwelekeza kwa aliye nayo. Mistari miwili tu ingetosha.

Siku hizi limezuka jibu jipya: "hizo ni taarifa binafsi". Tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, maneno hayo yamekuwa rahisi kutamkwa. Sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Sipendi orodha ya wakulima na namba zao za simu na akaunti izagae mjini. Lakini jumla ya makato kwa kilo haina jina la mtu. Afisa anaweza kutoa jedwali na kufunika majina, kazi ya mashine ya fotokopi na karatasi nyeupe.

Lipo eneo jingine ambapo tarehe moja ndani ya faili inabeba maisha ya watu, nalo ni fidia ya ardhi. Hapa Lindi tunaifahamu habari hiyo. Watu wa Likong'o walithaminiwa mali zao kwa ajili ya mradi wa kusindika gesi, wakakaa miaka wakisubiri malipo, huku hawajui kama wapande mnazi mpya au waache. Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 inasema fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe uthamini, na uthamini wenyewe una uhai wa miaka 2. Mwenye shamba atahesabuje miezi hiyo ikiwa hajui tarehe ya kuidhinishwa? Tarehe hiyo imo kwenye jalada, na kuisema hakuhatarishi usalama wa taifa. Mwananchi aliyethaminiwa angepaswa kuondoka na nakala ya jedwali lake na baadaye kuletewa tarehe hiyo bila kuiomba. Kwa kuwa haletewi, aiombe, na ombi lake lipate mhuri.

Nikiyasema haya wenzangu walio kazini hunijibu kwamba nimestaafu, nimesahau hofu. Sijasahau. Sheria hiyohiyo ya Haki ya Kupata Taarifa ilipopitishwa iliweka kifungo kisichopungua miaka 3 na kisichozidi 5 kwa anayetoa taarifa iliyozuiliwa. Hakuna kifungu kinachomtisha kwa uzito huo afisa aliyekaa kimya. Sasa mpe kijana wa miaka 26, aliyeajiriwa juzi, ombi la mwananchi, na juu yake bosi asiyependa maswali. Atachagua nini? Atakaa kimya, kwa sababu kwa akili yake ukimya ndio salama. Ofisi zetu zina masjala ya wazi na masjala ya siri, na mpaka kati yake unajulikana. Kilicho kwenye masjala ya wazi kwa kawaida si siri. Lakini kijana yule anahitaji kuelezwa hivyo na mkuu wake kwa maandishi, ili siku ya siku asiachwe peke yake.

Natamani pia rufaa iende kwa chombo kisicho sehemu ya serikali inayolalamikiwa. Kenya walipitisha sheria yao mwaka huohuo wa 2016. Kwao ofisi ina siku 21, na aliyenyimwa hupeleka shauri kwenye Tume ya Haki za Kiutawala, ile ofisi ya Ombudsman inayosikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma. Kwetu rufaa inapanda kwa Waziri na uamuzi wake ni wa mwisho. Mkulima wa Liwale hatamwandikia Waziri kwa ajili ya karatasi ya makato. Ataiacha.

Wakiacha wengi, nafasi ile hujazwa na uvumi. Sisi watu wa kusini hatuhitaji kuelezwa hilo na mgeni. Mwaka 2013, Mtwara iliwaka kwa sababu ya bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam. Watu walipoteza maisha na mali zikateketea. Sisemi nyaraka peke yake zingezuia yale yote, kwa kuwa madai yalikuwa mengi na mazito. Lakini nakumbuka watu walivyokuwa wakiulizana sokoni kuhusu kilichoandikwa kwenye makubaliano na mgao wa kusini ni upi, na kila mmoja akawa na jibu lake. Mwaka 2015 ikapitishwa Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika Tasnia ya Uziduaji, inayotaka mikataba ya madini, mafuta na gesi iwekwe wazi. Ilikuja baada ya makaburi.

Jambo moja ndani ya Sheria yetu ya Haki ya Kupata Taarifa halitangazwi vya kutosha. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, anaruhusiwa kuomba kwa mdomo, na afisa ndiye anayepaswa kuliandika ombi na kumpa nakala. Bibi wa Mchinga hana sababu ya kutafuta wa kumwandikia wala kulipia steshenari. Sijawahi kuona tangazo la haki hiyo kwenye ubao wa ofisi yoyote niliyoingia, ingawa mabango ya "Toa taarifa za rushwa" yapo kila ukuta. Basi liandikwe, kwa herufi kubwa, pembeni ya bango hilo.

Kwa wasomaji wanaotaka kuanza kesho, nendeni na nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe mrudi nayo. Karani akikataa kugonga, usigombane naye. Omba umwone afisa masjala, au tuma barua kwa rejesta posta na utunze risiti. Siku 30 zikipita, andika ya pili ukitaja tarehe ya ile ya kwanza na ambatisha nakala yenye mhuri. Nimeona barua za pili zikijibiwa ndani ya wiki, kwa sababu hakuna mkuu wa idara anayependa kuulizwa mbele ya wenzake kwa nini barua yenye mhuri wake mwenyewe imelala.

Kibadilike nini? Ningeomba rejesta ya maombi ya taarifa iwe kitabu peke yake, isichanganywe na barua nyingine. Kila robo mwaka mkurugenzi wa halmashauri awasomee madiwani katika kikao cha baraza: tumepokea maombi mangapi, mangapi yamejibiwa ndani ya siku 30, mangapi yamekataliwa na kwa sababu gani, mangapi bado yapo na yako kwa nani. Vikao hivyo tayari vipo, vinasikiliza taarifa za barabara, dawa na mapato. Aongezewe ukurasa mmoja. Diwani wa kata ya mzee yule wa ufuta akiusikia ukurasa huo ukisomwa na ombi la mpiga kura wake halimo, atakuwa na swali la kumuuliza mkurugenzi palepale, na jibu lake litaingia kwenye muhtasari.