Kukata herufi moja kwenye jina la sigara: yaliyotukuta na ugoro wetu Dodoma

Mbukwenyi wakuu. Mleta mada kauliza kitu ambacho mimi kilishanitoa jasho miaka hiyo. Kwa waliochelewa: jamaa yuko Kibaigwa, anataka kufungasha ugoro auze minadani, jina alilochagua ni la sigara inayojulikana ila kaondoa herufi moja, rangi za paketi zilezile, anauliza kuna shida gani "maana wao wanauza sigara mimi nauza ugoro". Na naona wengi mmemwambia piga kazi mkuu, hela iko hapo. Mimi namwambia asubiri kwanza na ntaeleza kwa nini, ni ndefu, wavivu wa kusoma mnisamehe.

2012 mimi na shemeji yangu (kamuoa dada yangu) tulikuwa na kibiashara cha ugoro Chang'ombe, sio hiyo ya Dar, ya kwetu hapa Dodoma. Tumbaku ya kienyeji tunaifuata upande wa Kondoa, tunaanika, wanatwanga akina mama wawili, magadi tunapima kwa kijiko, tunachekecha. Mwanzo tulikuwa tunafunga kwenye nailoni unapiga fundo basi, hakuna jina wala nini, wazee wakawa wanauita "ule wa Chang'ombe". Ubaya wake, mtu yeyote anafunga ugoro wake uliojaa mchanga anasema na huu wa Chang'ombe, lawama zinakuja kwetu. Ndo shemeji akaja na wazo la paketi.

Jina sitalitaja, sitaki kesi ya pili. Lilikuwa la sigara moja ya bei ya chini iliyokuwa inatembea sana vijijini, tukakata herufi ya mwisho, mwandiko ukawa uleule wa kulalia upande, rangi zilezile mbili. Hoja ya shemeji ilikuwa kwamba sisi hatuna hela ya kujitangaza, sigara imeshatangaza kwa niaba yetu. Na kweli bwana, tukachapisha paketi elfu 15 Dar, mnadani mtu hauliziulizi, anaona rangi anazozijua ananyoosha mkono. Nilikuwa natoka na begi limejaa narudi na begi tupu, nikaamini shemeji ana akili kuliko wote waliosoma.

Miezi kadhaa hivi ikapita, ikaja barua ya wakili. Tumeiga alama ya mteja wake, tuache mara moja, tusalimishe paketi zote zilizobaki, tuna siku 14 vinginevyo mahakamani. Baadaye nikaja kusikia ni kijana wa gari la sigara alinunua paketi yetu dukani akaipeleka kwa wakubwa zake. Shemeji hakutetereka, akachukua cheti chetu cha jina la biashara akasema sisi tumesajiliwa BRELA (wakala wa serikali wa kusajili biashara), hao wanatutisha tu.

Hapa ndo wengi wanapopotea, nisomeni vizuri. Jina la biashara na alama ya biashara vyote vinasajiliwa BRELA lakini ni daftari mbili tofauti na sheria mbili tofauti. Cheti cha jina la biashara kinasema fulani na fulani wanafanya biashara kwa jina hili, basi. Hakikupi umiliki wa jina lililoandikwa kwenye bidhaa. Hilo liko kwenye Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986, Sura ya 326. Kwahiyo unaweza ukawa na cheti chako safi kimewekwa fremu ukutani na bado ukawa unaiba alama ya mtu, ndo tulivyokuwa sisi.

Tukaenda kwa wakili mmoja ofisi yake ya chumba kimoja karibu na Jamatini. Mzee wa makamo, mpole. Shemeji akamwaga hoja zake zote: ugoro sio sigara, herufi tumetoa, paketi yetu ndogo na ya kwao kubwa, na sisi tumeandika UGORO kwa herufi kubwa. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akatoa hela mfukoni akamwita kijana wake wa ofisi, akamwambia nenda kibandani pale kwa Mangi kaninunulie, akataja jina la ugoro wetu, jina tu bila kusema ugoro. Na tulikuwa tumeshahakikisha kwa yule Mangi ugoro wetu upo, tumemuuzia wenyewe. Kijana akarudi na sigara mbili kazishika mkononi.

Mzee akaziweka juu ya meza mbele ya shemeji, akasema kesi yenu ndiyo hiyo.

Maelezo yake yalinikaa mpaka leo. Alisema hakimu haweki paketi mbili pembeni pembeni akaanza kuhesabu herufi kama anasahihisha imla. Anajiuliza mnunuzi wa kawaida, ambaye hana paketi ya kwanza mbele yake, anayo kichwani tu na tena kwa ukungu, akiona au akisikia hii ya pili atadhani imetoka kwa mtu yuleyule? Na sigara kwetu zinauzwaje? Moja moja. Mtu anasimama dirishani anasema "nipe SM mbili" na Mangi anajua ni Sweet Menthol, paketi hata hajaiona. Kinachosikika mdomoni ndo biashara yenyewe. Herufi ya mwisho uliyoikata, mdomoni haikatiki.

Baadaye nilisoma kesi ya Kanada nikamkumbuka yule mzee. Kule jina la sigara Marlboro sio la Philip Morris, ile kampuni ya sigara mnayoijua, haki ya jina hilo kwa nchi ile ilishaenda kwa kampuni nyingine zamani sana na sasa liko chini ya kampuni ya Imperial. Kwahiyo Philip Morris wana sigara kubwa duniani na Kanada hawawezi kuiita jina lake. 2006 wakafanya ujanja, wakaleta paketi yenye ule mchoro wao maarufu mwekundu wa umbo la paa la nyumba lakini haina jina KABISA. Wakaishia mahakamani na wenye jina. Mahakama ya kwanza ikawa upande wao, 2012 mahakama ya rufaa ikageuza: paketi isiyo na jina imeingilia jina. Kwa nini? Kule sigara zinafichwa nyuma ya kaunta, mteja haoni kitu, lazima aitaje kwa mdomo, na paketi ile isiyo na jina mtu akiifikiria ataiita nini zaidi ya Marlboro? Sasa wewe mleta mada jina umeliandika, umetoa herufi moja tu, na rangi umeziweka. Wenzako hawakuandika hata herufi moja na bado wamepigwa.

Hoja ya "ugoro sio sigara" nayo inakufa mapema. BRELA wanasajili kwa mpangilio wa kimataifa wenye makundi 45 ya bidhaa na huduma. Mvinyo wa zabibu zetu uko kundi la 33, mafuta ya alizeti 29. Kundi la 34 ni tumbaku na jamaa zake wote: sigara, ugoro, viberiti vya gesi, hadi njiti za kiberiti. Yaani umeingia chumba kilekile na mwenye jina. Ungekuwa unauza mafuta ya alizeti kwa jina hilo kidogo kungekuwa na la kubishania, japo hata hapo mimi nisingejaribu.

Kuna mchangiaji juu kasema mbona Kenya kuna sigara ya Sportsman ya kampuni ya BAT na huku kwetu kuna Portsman ya TCC, kampuni ya sigara Tanzania, herufi moja tu na hakuna aliyekufa. Mkuu, hiyo haimsaidii mleta mada hata kidogo. Alama ya biashara ina mipaka kama shamba, ukisajili Tanzania bara umelindwa Tanzania bara, hata Zanzibar ni ofisi nyingine na sheria nyingine. Ndo maana jina moja la sigara linaweza kuwa na wenyewe tofauti nchi tofauti. Camel na Winston hapa wanazo TCC kwa sababu TCC iko chini ya JTI, kampuni ya tumbaku ya Wajapani, na JTI walinunua sehemu ya nje ya Marekani ya biashara ya kampuni ya R.J. Reynolds mwaka 1999. Ukienda Marekani kwenyewe Camel ni ya Reynolds, na Winston tangu 2015 ni ya kampuni nyingine, ITG Brands. Majina mawili, matajiri watatu, na kila mmoja anakaa kwake. Wewe uko Kibaigwa, mwenye jina yuko soko hilohilo, huna mpaka wa kujificha nyuma yake.

Mwingine kaleta ya Australia, kwamba kule serikali imefuta nembo zote kwahiyo alama za sigara hazina thamani tena. Nusu kweli. Kule tangu Desemba 2012 paketi zote rangi moja mbaya ya matope, nembo hakuna, makampuni yakaenda mahakama kuu yakashindwa majaji 6 kwa 1. Lakini jina limebaki, limeandikwa mwandiko wa kawaida kama wa kwenye fomu. Ukifikiria vizuri jina ndo limezidi kuwa mali, maana limebaki peke yake. Hata Marekani walipokatazwa neno "Lights" 2010, Marlboro Lights ikawa Marlboro Gold, paketi ya dhahabu ileile, wavutaji hawakupotea njia. Kadiri wanavyobanwa kutangaza ndivyo wanavyong'ang'ania kile kidogo kilichobaki, jina na rangi. Ndo maana kampuni kubwa inaweza kuhangaika na wauza ugoro wawili wa Chang'ombe. Wakati ule nilikasirika sana, nikasema matajiri hawa sisi tunawapunguzia nini? Siku hizi nawaelewa, japo siwapendi.

Tulimalizana nje ya mahakama. Tukasaini kwamba hatutarudia, fidia hawakudai, paketi zilizobaki kama elfu 9 tukaziteketeza mbele ya karani wao uani kwa shemeji. Dada yangu siku hiyo hakutusemesha kwa sababu hela ya kuchapisha ilitoka kwenye mchezo wake wa akina mama. Na kwa faida yenu, sisi tuliitwa waigaji, sio feki. Feki ni yule anayetengeneza sigara bandia na kuandika jina lenyewe kamili, huyo anaangukia kwa FCC (Tume ya Ushindani, wanaokamata bidhaa bandia) na mzigo unachomwa wote na kesi juu.

Baada ya hapo ndo tukafanya kwa mpangilio. Wakili akatutuma Dar, BRELA enzi hizo wako jengo la Ushirika Mnazi Mmoja, ukaombe kwanza upekuzi wa jina, yaani waangalie kama limeshasajiliwa na mtu, kabla ya kitu kingine chochote. Jina letu la kwanza jipya tulilipenda sana, likakutwa ni la watu wa viberiti, kundi la 34 hilohilo! Nani angewaza kiberiti na ugoro ni ndugu? La pili lilikuwa neno tu la kusifia, "kali" nanihii, wakili akasema neno la kusifia bidhaa kila muuzaji analihitaji, halipiti kirahisi. La tatu ni neno la Kigogo, likapita. Linatangazwa kwenye jarida lao, mwenye pingamizi ana siku 60, hakutokea mtu, tukapata cheti. Cheti cha kwanza miaka 7 toka siku ya maombi, ukihuisha unapewa 10. Siku hizi maombi ni ya mtandaoni, huhitaji hata kupanda basi.

Na mauzo? Yalishuka nusu, siwadanganyi. Mwaka mzima tunaelezea wazee kwamba huu ni uleule wa Chang'ombe, wengine wanatuambia mmeharibu ugoro, na ni ugoro uleule kijiko kilekile cha magadi. Ndo nikajua kumbe muda wote kilichokuwa kinauza sio ugoro wetu.

Sasa mleta mada, umesema sampo ya paketi ushaipeleka kiwandani na umelipa nusu. Wapigie leo waambie wasitoe pleti za kuchapia, kupoteza hiyo nusu ni nafuu kuliko kupoteza oda nzima pamoja na wakili. Alafu fanya upekuzi kundi la 34 kwa majina matatu manne kwa mpigo, usiende na moja ukaja kulia kama sisi. Rangi badilisha ZOTE, usibakize hata moja ya kumbukumbu, maana hata kama rangi haijasajiliwa mtu anaweza kukushtaki kwamba unauza mzigo wako kwa sura ya mzigo wake. Na ulizia TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kuhusu ugoro wenyewe, bidhaa za tumbaku tangu 2021 ziko kwao, kipindi chetu haikuwa hivyo kwahiyo hapo mimi sio mwalimu wako.

Jina la Kigogo zuri ukikwama njoo PM, bibi yangu yuko Mvumi ana majina ya kutosha.