Kompresa ya lita 24 kwa kazi ya makabati, Uyole

Mdogo wangu, umeuliza kama kompresa, mashine ya kubana hewa, yenye mtungi wa lita 24 itatosha kupulizia rangi makabati hapo nyumbani Uyole. Kujaza upepo matairi, inatosha. Rangi, hapana. Bunduki ya rangi inakula upepo mfululizo. Mtungi mdogo unaishiwa katikati ya mlango, rangi inatoka matonematone, unarudi kwenye msasa. Tafuta ya lita 100, nguvu farasi 3. Ila mtungi mkubwa peke yake si kitu: soma kwenye kibao cha mashine inatoa lita ngapi za hewa kwa dakika, halafu chagua iliyozidi mahitaji ya bunduki yako, maana Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Kila jioni fungua koki ya chini ya mtungi, mwaga maji yaliyojikusanya ndani. Mimi masika natoa nusu kikombe, mekundu kwa kutu. Mtungi ulioliwa na kutu unaweza kupasuka, tafadhali usilipuuze hilo.