Kabla hujaomba flashi yenye kraki: programu za kitaalamu ambazo mwanafunzi hupewa bure

Muhula ukianza tu, ujumbe unaanza kuingia: "Una AutoCAD?" Hiyo ni programu ya kuchorea michoro ya majengo na ya kihandisi, na anayeuliza hamaanishi tovuti ya wenye programu. Anataka flashi yenye toleo lililokrakiwa, yaani lililovunjwa kufuli la leseni, pamoja na lile faili dogo la maelezo linalokuamuru uzime antivairasi kwanza ndipo uinstoli. Amri hiyo peke yake ingetosha kukushtua. Unamfungulia mlango mtu usiyemjua kwenye kompyuta yenye nywila zako, kazi zako za chuo na pengine akaunti yako ya pesa, kwa ajili ya kitu ambacho mwenyewe yuko tayari kukupa bure.

Maana Autodesk, wenye AutoCAD, Revit ya majengo, Fusion ya vipuri na Maya ya katuni, humpa mwanafunzi leseni ya mwaka mmoja, na ikiisha unaihuisha ilimradi bado unasoma. JetBrains hufanya vivyo hivyo kwa wanaojifunza kuandika programu: PyCharm, IntelliJ IDEA na ndugu zake. Tableau nao hutoa mwaka mmoja kwa wachambuzi wa data. GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, wana kifurushi cha wanafunzi tangu 2014, na ndani yake kuna huduma za kampuni nyingine kadhaa. Word, Excel na PowerPoint za kwenye kivinjari unazipata kwa barua pepe ya chuo, kama chuo chenyewe kimejiandikisha Microsoft.

Kinachowakatisha wengi tamaa ni uhakiki kwamba wewe ni mwanafunzi kweli. Unajaza fomu, unatuma picha ya kitambulisho, halafu unajibiwa kwamba hawakuweza kukuthibitisha. Basi, unarudi kwenye flashi. Kwa wale ambao nimewasaidia, karibu kila mara tatizo limekuwa jina au tarehe. Fomu ina majina mawili, kitambulisho kina matatu. Au jina la ukoo limetangulia huku na limeishia nyuma kule. Andika jina kama lilivyo kwenye waraka utakaotuma, herufi kwa herufi, hata kama hakuna anayekuita hivyo. Tarehe nayo ina mambo yake: vitambulisho vingi vina mwaka wa kujiunga tu, na anayehakiki anataka kuona kwamba unasoma sasa hivi. Hapo barua ya ofisi ya usajili au risiti ya ada ya mwaka huu ina nguvu kuliko kitambulisho. Piga picha mchana karibu na dirisha, pembe zote nne za karatasi zionekane, jina la chuo lisikatwe. Na kama chuo kimekupa barua pepe yake, anza na hiyo. JetBrains wakiitambua anwani ya chuo, kwa kawaida hawakuombi karatasi.

Masharti ya leseni ni marefu na sitajifanya nayasoma yote. Mimi hutafuta sehemu inayosema programu itumike kwa kazi gani. Leseni za elimu karibu zote zinakataza kazi ya malipo. Ramani ya nyumba ya mteja si zoezi la darasani, hata kama mteja ni mjomba anayekulipa nusu bei. Wapo wanaosema, nani atajua? Hoja yangu wala si woga wa kukamatwa. Ukizoea kuwahudumia wateja kwa leseni inayokufa ukihitimu, utaingia sokoni mikono mitupu, na bei ya leseni kamili utaiona mara ya kwanza ukiwa umeshaahidi kazi.

Ndiyo maana nawashauri watu wawe na zana mbili tangu mwaka wa kwanza. Moja ni ya kampuni, kwa sababu waajiri wanaitaja kwenye matangazo ya kazi na walimu wanaifundisha. Nyingine ni huria, yaani ya bure na msimbo wake uko wazi kwa wote, isiyo na tarehe ya mwisho na isiyojali nani anakulipa. Kwa michoro ya pande tatu ipo Blender, na asikwambie mtu kwamba ni ya kujifunzia tu: filamu ya katuni iliyotengenezwa kwa Blender ilichukua Oscar mwaka 2025. Kwa ramani za kijiografia ipo QGIS. DaVinci Resolve ya kuhariri video si huria, ila toleo lake la bure halikuulizi kama wewe ni mwanafunzi, wala haliweki chapa juu ya video yako mpaka uguse madoido ya toleo la kulipia.

Wanaonitia huruma zaidi ni wale wa tasnifu. Wanapakua toleo la majaribio la SPSS, programu ya takwimu, muda unaisha uchambuzi ukiwa katikati, na msimamizi anasubiri majedwali. JASP, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Amsterdam, ni bure kabisa na inafungua faili za SPSS moja kwa moja. Ukiondoa kigeu kimoja (yaani safu moja ya data) kwenye uchambuzi, majedwali yanajibadilisha hapohapo mbele ya macho yako, jambo ambalo mimi naliona ni zuri hata kwa kujifunza takwimu yenyewe. Mwenye muda ajifunze R, lugha ya bure ya kuandikia uchambuzi wa takwimu. Ila muulize msimamizi mapema kama anakubali matokeo ya programu nyingine. Wapo wasiotaka kusikia.

MATLAB, programu ya hesabu za kihandisi, haitolewi bure kwa kila mwanafunzi, lakini vyuo vingi hununua leseni ya chuo kizima na wanafunzi wasijue. Nenda kitengo cha kompyuta ukaulize. Ukikosa, GNU Octave inaendesha sehemu kubwa ya msimbo wa kawaida wa MATLAB, ingawa anayehitaji Simulink, nyongeza yake ya kuigiza mifumo, hatapata mbadala wake humo. Ansys, wenye programu ya kupima kwa kompyuta uimara na joto la vifaa, wana toleo la bure la wanafunzi, lakini ukubwa wa modeli una kikomo, kwa hiyo wa mradi wa mwisho ajaribu kuingiza modeli yake wiki za mwanzo, asingoje wiki ya kuwasilisha.

Mnaofanya kazi za kikundi kwa Revit, kubalianeni toleo siku ya kwanza. Faili lililohifadhiwa kwenye toleo jipya halifunguki kwenye la zamani, na Revit haina njia ya kulihifadhi kurudi nyuma. Mmoja akisasisha programu peke yake, wengine wote watalazimika kumfuata, wakiwa na bando au hawana.

Muhula wa mwisho, leseni ikiwa bado hai, fungua kazi zako zote moja baada ya nyingine na utoe nakala zinazosomeka na programu nyingine: IFC kwa majengo, DXF kwa michoro, STEP kwa vipuri, CSV kwa data, na PDF ya kila kitu unachotaka kumwonyesha mwajiri. Kisha ingia kwenye akaunti zako, GitHub ikiwemo, uweke barua pepe yako binafsi kuwa anwani kuu. Vyuo vingine hufunga barua pepe ya mhitimu bila taarifa, na hapo hata ukibofya "nimesahau nywila", kiungo kinatumwa kwenye sanduku usiloweza kulifungua tena.