Jipu halijapona kwa septrini: tatizo si dozi

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina jipu pajani, sasa limefika ukubwa wa limau. Nimemeza septrini siku nane na halijapungua. Muuzaji wa duka la dawa anasema mwili wangu umezoea dawa, nimeze vidonge vinne badala ya viwili. Mwanangu anayesomea maabara anasema bakteria wanaokota chakula humo humo kwenye usaha. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Msikilize mwanao.

Septrini ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, na zote zinaziba njia ileile: bakteria asipate foleti, vitamini anayojitengenezea mwenyewe. Akikosa foleti hatengenezi thaimidini, mojawapo ya matofali ya kujengea DNA, na bila thaimidini hawezi kunakili DNA yake. Lakini bakteria wengi, akiwemo stafilokokasi anayeleta majipu mengi, wana njia nyingine. Wanavuta thaimidini iliyokwisha tengenezwa, kisha kimeng'enya kiitwacho thaimidini kinesi kinaitia fosfeti, tayari kwa kazi. Na usaha ni nini kama si seli nyeupe zilizokufa, DNA yake imemwagika na kumeng'enyuka? Jiko la bakteria umelifunga, lakini umemwacha ndani ya ghala.

Ukimeza vinne, unafunga tena jiko lililokwisha fungwa. Utakachoongeza ni vipele na potasiamu kupanda kwenye damu.

Maabara tunalijua hili kwa miaka mingi. Chakula cha kuoteshea vimelea kikiwa na thaimidini nyingi, septrini huonekana imeshindwa hata kwa bakteria anayekufa nayo. Ndiyo maana zamani kiliongezwa damu ya farasi iliyopasuliwa seli, kwa kuwa ina kimeng'enya kinachoivunja thaimidini.

Kuhusu "mwili umezoea", neno hili linanikera kuliko yote, na nalisikia kila wiki. Mwili hauzoei antibiotiki. Anayekuwa sugu ni bakteria, na hapa huenda hata si sugu, ameshiba tu. Jipu linahitaji kupasuliwa usaha utoke. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2016 uliwafuata watu zaidi ya 1,200 waliopasuliwa majipu: waliopewa septrini walipona asilimia 80.5, waliopewa vidonge visivyo na dawa asilimia 73.6. Dawa ilisaidia, ndiyo, lakini kazi kubwa ilifanywa na kisu.

Watafiti wanakitazama kimeng'enya kile cha bakteria, thaimidini kinesi, kama shabaha ya dawa. Zidovudini, ile ARV, hupitia hapohapo: thaimidini kinesi ya E. koli, bakteria wa utumbo, inaipokea kama thaimidini, na ujenzi wa DNA unakatika. Tatizo, bakteria anayekipoteza kimeng'enya hicho anapona. Kwa hiyo asitokee mtu wa kuchukua ARV za ndugu yake kutibu jipu au mkojo unaochoma. Atamkosesha mwenzake dozi na yeye hatapona.

Nenda kituo cha afya leo, ukaseme umekwisha meza nini na kwa siku ngapi. Usilikamue nyumbani wala kulichoma kwa sindano ya kushonea. Wanaowauzia watu vidonge vinne vinne kwenye karatasi, na wanaofungua kapsuli za rangi mbili kunyunyizia unga kwenye vidonda, wanatuletea wagonjwa ambao usaha wao umekaa wiki tatu. Ukiona homa, wekundu unaosambaa, au jipu limetokea usoni karibu na pua, usingoje kesho.