Kabla hujapiga Windows upya, jaribu flashi ya uokoaji

Hapa Mwanga, Kigoma, ukipeleka kompyuta yenye virusi kwa fundi, mara nyingi jibu ni moja: "Tupige Windows upya." Kazi inaisha haraka na pesa inaingia. Shida ni kwamba mwenye kompyuta huondoka na mashine safi isiyo na picha, ripoti wala barua zake. Mimi nina steshenari, flashi za watu zinapita mikononi mwangu kutwa, na kupiga Windows naiweka mwisho kabisa.

Antivairasi iliyo ndani ya Windows inaamka pamoja na kirusi chenyewe. Sality, kwa mfano, kirusi kinachojulikana tangu 2003, huzima antivairasi, hufunga Task Manager (dirisha la kuona na kuzima programu zinazoendelea) na huharibu hata Safe Mode, ile hali ya kuwasha Windows na vitu vya lazima tu. Ni sawa na kumsaka mwizi ndani ya nyumba huku funguo za vyumba vyote anazo yeye. Ukiwasha kompyuta kwa diski au flashi ya uokoaji, Windows haiamki kabisa. Inayofanya kazi ni Linux ndogo iliyobebwa na flashi, na kirusi kinabaki faili tu, hakina nguvu ya kujificha wala kujitetea.

Zipo za bure. Kaspersky Rescue Disk na Dr.Web LiveDisk ndizo ninazozishika zaidi. Unapakua faili la ISO, yaani diski nzima ndani ya faili moja, kwenye kompyuta iliyo safi, narudia, iliyo safi, kisha unaliandika kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Flashi itafutwa yote, kwa hiyo usitumie yenye harusi ya shangazi. ISO hizo zinakula mamia ya MB, bora zipakuliwe kwa bando la usiku. Kama mashine yako bado ina uwezo wa DVD, choma kwenye DVD-R: ikishafungwa, hakuna kirusi kinachoweza kuandika juu yake.

Wengi hukwama kwenye kuwasha. Chomeka flashi, na kompyuta ikianza tu kuwaka bonyeza kitufe cha kuchagua flashi: HP ni Esc kisha F9. Dell na Lenovo nyingi ni F12. Flashi isipokubali, huenda Secure Boot, kinga inayozuia kompyuta kuwaka kwa kitu isichokitambua, ndiyo inayoikataa, uizime kwa muda. Ila kabla hujaigusa, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe. Kama imefungwa, tafuta kwanza ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Diski iliyofungwa hivyo, flashi huenda isione chochote ndani, na bila ufunguo huo Windows nayo inaweza kukugomea ikirudi. Halafu usizime kompyuta kwa Shut down ya kawaida. Kwa Shut down, Windows 10 na 11 mara nyingi hazizimiki kabisa, na Linux ikikuta diski katika hali hiyo inaweza kukataa kuandika. Chagua Restart.

Ukianza kuskani, chomeka chaja, uendelee na shughuli nyingine. Diski za zamani zinazozunguka huchukua saa kadhaa. Vikipatikana virusi, chagua kutibu au kuweka karantini kabla ya kufuta. Na kama kuna nyaraka za thamani, zinakili kwenye diski ya nje ukiwa humo humo, Word, Excel na picha tu. Faili za exe, yaani za programu, ziache.

Mwalimu mmoja wa Uvinza alinijia na flashi ambayo folda zake zote zimegeuka shotikati za KB chache.

"Fundi, alama za kidato cha pili zimo humu, usinifutie."

"Hazijafutika, mwalimu, zimefichwa tu."

Tulisafisha kwanza laptop yake, maana ndiyo iliyokuwa ikiambukiza. Kisha kwenye Command Prompt, dirisha la Windows la kuandika amri, flashi ikiwa imepewa herufi E, niliandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na folda zikarudi. Zile shotikati ndizo za kufuta, wala usizibofye kuona kuna nini.

Kama hata bando huna, Windows 10 na 11 zina Microsoft Defender Offline ndani yake, kwenye Scan options. Inajiwasha upya nje ya Windows, inaskani kwa kama dakika 15. Mimi huanza nayo kwa kesi nyepesi.

Mafaili yakiwa yamefungwa na wanaodai fidia, flashi ya uokoaji itaondoa kirusi lakini haitayafungua. Hapo jaribu tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa 2016 na Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya), polisi wa Uholanzi na kampuni za antivairasi. Aina kadhaa zina ufunguo wa bure. Na Sality ikishatafuna exe za mashine nzima, basi nami nakubali, tupige Windows, nyaraka zikishakuwa salama. Nywila za barua pepe na za benki zibadilishe kwa simu au mashine nyingine, si ile uliyotoka kuisafisha.